Nyanya hakuwa na sanduku la posta

Swali lenu la wiki hii, "Kwa nini wanawake wetu wa zamani hawakuandika vitabu?", limenikera tangu nilisome, na mniwie radhi kama jibu litakuwa refu, lakini nani kawaambia hawakuandika? Swali limeshajijibu lenyewe, sisi wasomaji tumebakishiwa kutafuta sababu tu.

Mtu yeyote wa pwani aliyekulia nyumba yenye wazee ashasikia jina la Mwana Kupona binti Mshamu, yule mtunzi. Mume wake alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu huko kisiwa cha Pate, yule aliyemsumbua Seyyid Said, sultani wa Unguja, miaka na miaka mpaka vikosi vya Unguja vikachoka. Sasa angalieni kitu ambacho shuleni hatukuambiwa: Bwana Mataka kafariki 1856, na Seyyid Said naye kafariki mwaka huohuo 1856. Wanaume wawili wakubwa, mahasimu, wana majeshi na mizinga, na kwenye nyumba zao hizo mbili maandishi tunayosoma leo ni ya mjane wa mmoja na binti wa mwenzake. Mwana Kupona akamtungia bintiye Mwana Hashima utendi wake 1858, beti mia na kidogo, akiwa mgonjwa. Na Salme binti Said wa Unguja kitabu chake kikatoka Berlin 1886, kwa Kijerumani, akiwa anaitwa Emily Ruete. Wale wanaume wenyewe leo tunawasoma kwenye vitabu vya watu wengine.

Turudi kwa Mwana Kupona kidogo. Mwangalieni anavyoanza, anamwita binti aje akae mbele yake, "Ndoo mbee ujilisi, na wino na qaratasi." Hakumwambia ategee sikio tu, kamwambia alete wino! Ni mwaka 1858, visiwa vya Lamu, mama mgonjwa anamwambia mwanawe wa kike ashike kalamu, na hakuna anayeshtuka wala hakuna beti la kueleza eti huyu msichana kajulia wapi kuandika. Ni jambo la nyumbani tu, kama ungemwambia alete maji.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika hapo chini kwamba utendi wenyewe ni wa kumfundisha mke atii mume. Ni kweli. Radhi tano, na ya tano ni ya mume, na akilala asiamshwe na apepewe. Lakini usomeni mpaka ndani, kuna pahali anamwambia binti amtunze huyo mume kama mtoto asiyejua kunena, na mimi nikifika hapo hucheka kila mara, sijui nyinyi.

Salme hali yake ilikuwa ngumu zaidi. Kwao, kwenye majumba ya sultani, watoto wa kike walisomeshwa Qur'ani lakini kuandika wakakatazwa, akajifunza kwa siri akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, ndo ubao wao ule. Na kalamu hiyo ikamponza, manake 1859 kakake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Sultani Majid, aliyeandika barua za njama alikuwa yeye, msichana wa miaka kumi na mitano. Mengine mnayajua, 1866 kakimbilia Aden, kaolewa na Mjerumani, 1870 mume kafa kwa ajali ya tramu huko Hamburg, kabaki na watoto watatu na urithi wa Unguja hapewi. Anasema mwenyewe alianza kuyaandika yale kwa ajili ya wanawe.

Haya, sasa niseme kilichonitia uchungu hasa.

Nyanya yangu, mzaa baba, alikuwa akikaa Kibokoni, Mombasa, na alikuwa mtunzi. Hakuna kamusi ya watunzi yenye jina lake msihangaike kutafuta. Alikuwa akiuza bajia na viazi vya karai jioni mlangoni, na kwa kuwa nusu ya mtaa walikuwa wakila kwa deni alikuwa na kipande cha boksi la majani ya chai nyuma ya mlango, ndo daftari lake, na deni zote zimeandikwa hapo kwa herufi za Kiarabu, jina na kiasi, jina na kiasi, mtu akilipa anapigwa mstari. Baba yangu alikuwa akisema mbele za watu, bila ubaya, "mama hajui kusoma." Na mimi nikaamini hivo, huku nikimwona kila jioni ameinama kwenye lile boksi akiandika!

Mashairi alikuwa akitunga akichagua mchele. Anahesabu mizani kwa viungo vya vidole, kidole kwa kidole, tambuu mdomoni, halafu ananiita mimi nije na daftari la shule niandike kwa sababu zile herufi zenu za kizungu alikuwa hazitaki. Kuna shairi moja la harusi za mkopo, lilianza "Harusi ya kukopea, deni huja na fungate," na alilitunga kwa sababu mtaa wa pili watu walikuwa wameuza mpaka kabati ili wakodi kumbi. Nikaliandika lote, akanifanya nimsomee tena na tena, nikikosea silabi moja ananigonga na upepeo.

Likapendwa. Wanawake wakaja kulinakili, shangazi akalisoma kwenye harusi (ndio, kwenye harusi, ya kukopea pia), mwishowe ami akasema hili lazima liende kwenye kipindi cha mashairi cha redio. Ili upeleke ulikuwa unahitaji barua, stampu na anwani ya sanduku la posta, na sanduku alikuwa nalo ami, la kazini kwake. Akaliandika upya kwa mkono wake, mwandiko wa ofisini, chini akaweka jina na sanduku. Jina lake yeye.

Siku liliposomwa tulikuwa wote uani, redio juu ya kinu kilichogeuzwa. Mtangazaji akasema shairi hili limetoka kwa malenga wa Mombasa, Bwana fulani, akataja ami kwa majina matatu, ami akakaa wima kama anapigwa picha. Likaanza, na kumbe ami alikuwa amelitengeneza kidogo, eti liwe na Kiswahili sanifu, pale pa "deni huja na fungate" likasomwa "deni litakuja kwa fungate". Hesabuni wenyewe, silabi nane zimekuwa kumi. Nyanya akaacha kutafuna tambuu. Akasema, "Nani kavunja mizani hapo?" Na ami akawa anaangalia dari ambayo haipo, tuko uani! Mimi nikaropoka kwamba shairi ni la nyanya, mama akanifinya paja, alama ilikaa mpaka Ijumaa.

Kwa miaka mingi nikiihadithia hii nilikuwa nasema nyanya hakujali jina, alijali mizani tu. Watu hucheka, inapendeza. Na nilipokaa kuandika hapa nilitaka kuwaambia hivohivo, kwamba wanawake wale waliandika ila jina kwao halikuwa na uzito, ndo maana hamuwaoni. Lakini kuna shairi lililofuata. Baada ya redio alinitungisha jingine, la maji ya bomba, na kwenye beti la mwisho akatia jina lake la utotoni katikati ya mstari, ndani ya hesabu, sio juu wala chini ya shairi ambapo mtu anaweza kulifuta. Ukilitoa mizani inavunjika. Akaniambia, "Sasa na alipeleke." Ami alilisoma, akasema ni refu, hakulipeleka.

Mtu asiyejali jina hafanyi kazi yote hiyo.

Kwa hivyo nageuka kidogo. Sababu naiona kwenye njia ya kutokea nje, na njia hiyo ilibadilishwa kufuli. Zamani za Mwana Kupona herufi za nyumbani na herufi za vitabu zilikuwa zilezile, za Kiarabu, binti akisoma chuo cha Qur'ani kisha akishika wino anakuwa mwandishi kama mwandishi mwingine. Halafu zikaja shule za misheni na za serikali na herufi za kirumi, waliopelekwa huko kwanza wengi ni wavulana, halafu 1930 ikaja kamati ya lugha na kusanifisha Kiunguja, Kiamu cha Lamu na Kimvita cha Mombasa vikabaki "lahaja". Kizazi kimoja hivi, mwanamke aliyekuwa anajua kuandika akawa hajui kusoma, na hajasahau hata herufi moja.

Lakini pia nimtendee haki ami (Mungu amrehemu, na binamu zangu nyote mnaosoma hii tulieni). Bila sanduku lake shairi lile lingeishia uani. Utendi wa Mwana Kupona nao umetufikia kwa mikono ya watu, nakala nyingi za tendi za Lamu zimepita kwa Muhammad Kijumwa, mnakili wa Lamu, na aliyeupeleka chapani 1917 ni Alice Werner, Mwingereza, mwanamke pia, kautoa tena 1934 na mwenzake Hichens. Tofauti ni kwamba hao walimwachia Mwana Kupona jina lake. Ni kitu kidogo sana kufanya.

Na hapa ndo naona swali lenu si baya kama nilivyodhani, japo mmeliuliza vibaya. Kama mngeuliza kwa nini wanawake hawakuchapishwa ningenyamaza. Manake hata kilichochapishwa kilichaguliwa, ule utendi kila baba alitaka bintiye awe nao, lakini maneno ya vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, yale makali ya kuwasuta wanaume usiku wa harusi, nani alikuwa na haja ya kuyanakili? Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alipokwenda Bombay 1928 kurekodi santuri hakuwa anajua kusoma, na sauti yake ikafika mbali kuliko kitabu chochote cha wakati ule. Sasa huyo mtamweka wapi, kwa walioandika au kwa wasioandika?

Mimi nasema waliandika. Nasema wale wenye wino nyumbani, na chuo, na mtoto wa kutumwa. Wengine wengi, na watumwa waliokuwa wakifanya kazi jikoni wakati Mwana Hashima anaandika, hapana, na hao sitawasemea.

Daftari langu la shule lenye lile shairi la bomba ninalo, nikipata muda nitawatumia lote. Na kama hii ni ndefu na lazima mkate, kateni ya ami, ile ya binti na wino iacheni.