Uliza Fundi: Klachi ya CG ya marehemu baba

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Igoma hapa Mwanza, nina Honda CG125 ya miaka ya 80 aliyoniachia marehemu baba, alikuwa anafuatia samaki Mwaloni kila alfajiri. Shida ni klachi. Asubuhi ikiwa ya baridi inaenda poa, ila nikifika foleni ya Mabatini imeshapata moto, netro haiingii kabisa, nimebana klachi mpaka mwisho na pikipiki bado inavuta inataka kuondoka. Nikaipeleka kwa fundi akakaza waya, ikatulia siku mbili, ikarudi vilevile, akakaza tena, sasa hivi nikipanda Bugando nimempakia mama injini inalia tu mwendo hakuna. Watu wananiambia nitoe injini niweke ya Kichina. Sitaki. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana kwa kuondokewa na mzee. Injini usiitoe. CG ilianza kutengenezwa 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu ambako chombo kinapigwa kazi na matengenezo ni ya kubahatisha, ndo maana vali zake zinasukumwa na fimbo, haina ile cheni ya taimingi ya kusumbua. Tena hizo injini za Kichina unazoambiwa, nyingi ni hiyohiyo CG imeigwa.

Sasa sikiliza. Wewe una magonjwa mawili na yanapingana. La kwanza klachi haiachii, yaani umebana lakini pleti, zile sahani za ndani ya klachi, bado zinashikana. La pili inateleza, yaani umeachia lakini pleti hazishikani sawasawa. Hilo la pili limeletwa na spana. Waya ukikazwa kupita kiasi unakuwa kama mtu aliyebana klachi nusu muda wote, pleti zinasuguana, zinaungua, na hii kitu inaniuma sana kwa sababu naiona kila wiki, pleti nzima zinaungua kwa ajili ya nati moja.

Kwa hiyo anza kwa kulegeza. Hakikisha injini imepoa, legeza ile ajasta ya juu kwenye hendeli, halafu shuka chini kwenye kava ya klachi upande wa kulia, pale waya unapoishia kuna nati mbili. Rekebisha hapo mpaka ncha ya mkono wa klachi, ule unaobana kwa vidole kwenye hendeli, icheze milimita 10 hadi 20 kabla hujahisi uzito, yani kama upana wa kidole kimoja hivi. Ile ajasta ya juu ibaki ya kugusia kidogo kidogo baadaye. Kisha washa, iache silensa, yaani ingurume yenyewe bila kuvuta mafuta, zungusha usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Mlio ukibadilika au ule mchezo ukipotea, waya umepitishwa vibaya unavutwa.

Waya wenyewe uchomoe uutazame karibu na kile kichwa cha risasi kwenye hendeli, nyuzi zikianza kukatika hata mbili tatu nunua mwingine. Kama ni mzima uninginize msumarini, kata kona ya mfuko wa nailoni, funga kwenye mdomo wa ganda lake kwa mpira, mimina oili kidogo na uache usiku kucha mpaka itokeze chini. Waya mkavu unakula nguvu ya mkono wako kabla haijafika kwenye klachi.

Oili nayo usiidharau. Klachi ya CG inaogelea kwenye oili ya injini, sasa ukiweka oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano pleti zinateleza hata kama ni mpya. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, hiyo ndo alama ya oili ya pikipiki zenye klachi inayoogelea kwenye oili. JASO MB achana nayo, hiyo inapunguza msuguano.

Ukishafanya hayo yote na bado haiachii, mi naamini tatizo liko ndani. Mwaga oili, toa kiki, toa kituo cha mguu na ekzosi kama inazuia, fungua kava. Bolti za springi zilegeze kwa msalaba, kidogo kidogo, usimalize moja ukaenda nyingine. Ukitoa pleti tazama ile nyumba ya klachi, vile vidole vyake ambavyo masikio ya pleti yanaegemea. Pitisha ukucha taratibu. Kwa pikipiki ya umri huo ukucha utanasa, kuna vijishimo vimechimbwa na pleti miaka yote hiyo mzee anakimbiza samaki, na ukibana klachi pleti zinakwama mlemle haziachani. Vijishimo vikiwa vidogo vipige tupa laini mpaka pawe flati, vikiwa virefu badilisha nyumba. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo, ikitikisika imepinda. Zenye msuguano zikinuka kuungua na kung'aa nunua seti, ila nenda dukani na ile ya zamani mkononi ulinganishe upana, unene na masikio. Mpya zilaze kwenye oili usiku mzima kabla ya kufunga.

Na kwa vile kava umeshafungua, mwisho wa krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kuna kikopo kinachozunguka kinakusanya uchafu wa oili, kifungue ukisafishe. Utakuta tope jeusi gumu kama lami. Wengi hawajui hata kama kipo.

SWALI: Fundi, mi niko Nansio Ukerewe, pikipiki ililala miezi nane, nikiingiza gia inaruka inazima. Klachi nimebana kabisa.

JIBU: Hiyo pleti zimegandana tu ndugu yangu, usikimbilie kufungua. Washa ikiwa netro ipate moto dakika kumi, zima, weka gia ya pili, bana klachi, isukume mbele na nyuma kwa nguvu mpaka usikie imeachia, tairi likazunguka lenyewe. Ikigoma rudia kesho ikiwa ya moto tena. Ikishaachia mwaga hiyo oili ya miezi nane uweke mpya, ndo uende nayo kivukoni.