Usipige hema juu ya kiota cha kasa

Mwalimu mmoja wa Uyole ameniandikia kwamba likizo ya Juni wanapeleka wanafunzi Kigamboni, na watalala ufukweni. Anauliza: wakikuta kiota cha kasa, wakilinde vipi? Namjibu hapa hadharani, maana kila likizo mabasi yanateremka kutoka Mbeya, Iringa na Njombe yamejaa watoto ambao ufukwe wanaoujua ni wa Matema.

Matema hakuna bamvua. Ziwa Nyasa halijai na kupwa kama bahari, kwa hiyo hema hupigwa popote penye mchanga mkavu na moto huwashwa papo hapo. Pwani, mchanga huo mkavu, ule ulio juu ya mstari wa mwani na takataka zilizoachwa na maji, ndio kasa anaoutafuta. Mayai yakifunikwa na maji ya chumvi mara kwa mara hufa, hivyo mama hupanda hadi pale maji yasipofika. Na wewe umezoea kupiga hema pale pale! Mwalimu, pigeni hema ndani ya uwanja wa mwenyeji wenu, kwenye majani. Mchangani msilale.

Tanzania wanataga kasa wa kijani, na kasa aina ya ng'amba kwa uchache. Kiota kimoja cha kasa wa kijani huwa na mayai 100 na zaidi, na kina chake hufika sentimita 60 hadi 80. Huanguliwa baada ya siku 50 hadi 60 hivi. Kigingi cha hema kinaweza kutoboa mayai ya juu, hasa ya ng'amba, ambaye hachimbi sana. Moto nao huupasha mchanga. Joto likiwa karibu nyuzi 29 hutoka madume na majike. Likizidi hapo majike huwa wengi zaidi, na likizidi sana mayai hufa.

Mkiona alama pana kama za tairi la trekta, karibu mita moja, zikitoka majini na kurudi, zungukeni. Msizifute: walinzi wa fukwe huzisoma asubuhi kujua kiota kilipo. Msichomeke kijiti kutafuta mayai wala msiyafukue "kuyahamisha". Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza kwenye ganda. Yai likigeuzwa, hukatika na kufa. Kazi ya kuhamisha mwachieni aliyefunzwa. Pimeni kwa hatua umbali kutoka minazi miwili iliyo karibu, andikeni, kisha pigieni BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia fukwe. Namba yao iombeni siku mnayofika.

Wavu wa kuzuia mbwa na kenge unasaidia, ila matundu yake yawe kama sentimita 5 kwa 10 ili watoto wa kasa wapite. Nimeona ushauri wa kutumia wavu wa banda la kuku. Huo ni mtego.

Akipanda mama, kaeni chini, kimya, nyuma yake, tochi zote zimezimwa. Akishtuka kabla hajaanza kutaga hurudi baharini na mayai yake. Kupanda, kuchimba, kutaga na kufukia huchukua saa moja hadi mbili, kwa hiyo wenye haraka wakalale. Flashi ya simu hairuhusiwi hata mara moja.

Vitoto hutoka usiku, mchanga ukishapoa, na hufuata upeo wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa ya baraza ikiwaka, huielekea hiyo, na alfajiri jua huwakuta nchi kavu. Mwombeni mwenyeji azime taa zinazotazama maji, au afunge pazia. Msiwabebe kuwatia majini. Waacheni watambae wenyewe. Njia yao iwe tambarare tu: kila shimo na kila ngome ya mchanga waliyojenga wanafunzi mchana ifukiwe kabla ya magharibi, pamoja na makorongo ya tairi za gari, maana humo ndimo kaa huwakamata.