Barua kwa mwanangu: chumba kwanza, maiki baadaye

Walukuba, Jinja

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma mara tatu. Unauliza jambo moja tu: una laki nane mkononi, unataka kuanza kurekodi nyimbo zako hapo Kireka, sasa ununue maiki ya kondensa au ya dainamiki? Nitafika hapo. Kwanza niambie, hicho chumba chako umekisikiliza?

Simama katikati, funga mlango, piga kofi moja. Ukisikia mlio unarudi kutoka ukutani, ujue huo utaingia kwenye kila wimbo, hata ungenunua maiki ya milioni kumi. Chumba kwanza, maiki baadaye. Saruji tupu inarudisha sauti, godoro linaimeza. Lisimamishe nyuma ya mgongo wako unapoimba, tundika pembeni yale mablanketi mazito aliyokupa mama yako, na nguo zako zikae karibu. Trei za mayai ambazo vijana wanazigandisha ukutani ziache. Zinapunguza kidogo sauti nyembamba, besi inapita kama vile hazipo. Mvua ikipiga mabati, zima kila kitu unywe chai.

Kondensa inasikia mambo mengi: pumzi yako, kidole kikiteleza kwenye waya wa gita, na honi ya bodaboda nje. Inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi, kile kisanduku kinachopeleka sauti kwenye kompyuta. Dainamiki haiuhitaji. Sikio lake ni zito kidogo, inataka uiimbie karibu, shibiri moja hivi. Shure SM58, ile ya majukwaani ambayo imekuwapo tangu 1966, ni ya aina hiyo. Na kumbuka laki nane hiyo inunue pia intafesi yenyewe, kebo, stendi, na hedifoni zinazofunika sikio lote, la sivyo mdundo utavuja urudi kwenye maiki.

Lakini kinachonikosesha usingizi mimi si maiki. Ni mshale.

Habari ya gita la baba yako mdogo mnaijua nusu tu, kwamba alimuuzia mvuvi mmoja kule Masese. Sababu sikuwahi kuwaambia.

Mwaka 1993 niliazima deki ya kaseti, ile yenye mishale miwili ya kuonyesha nguvu ya sauti. Tulikaa hapa hapa sebuleni, yeye kwenye kigoda, mimi nimepiga magoti mbele ya deki. Akaimba ule wimbo aliomtungia bibi yako alipokuwa mgonjwa. Fundi aliyeniazima alikuwa ameniambia kaseti ina mvumo wake, kwa hiyo nipandishe sauti iufunike. Nikapandisha. Mshale ukaingia kwenye nyekundu, ukalala upande ule wa mwisho ukitetemeka, nami nikafurahi! Nilidhani nguvu ndiyo uzuri.

Tuliposikiliza, kila alipopanda juu sauti yake ilipasuka kama karatasi inayochanwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa chini, akiikwangua rangi ya kigoda kwa ukucha. Kisha akasema, "Kumbe ndivyo ninavyoimba."

Sikusema kitu. Usiku ule sikujua kosa. Lakini baada ya siku mbili nilijaribu kwa sauti yangu mwenyewe, mshale nikauzuia chini, na ikatoka safi. Kwa hiyo nilijua. Nilijua kabla gita halijauzwa, nikaona aibu, nikanyamaza.

Najiambia labda angeliuza tu, maana mahari ilikuwa inamsubiri. Hapana. Gita alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza, mtu hauzi kitu kama hicho hivi hivi. Au huuza, akiwa na harusi mlangoni. Sijui. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile hajaimba mbele yangu, na alikuwa anaimba hata akioga.

Kwa hiyo nisikilize kwenye hili kuliko yote. Kwenye kompyuta sifuri ndiyo dari. Sauti ikiigonga inakatwa, na iliyokatwa hairudi. Kwenye programu ya kurekodia weka biti 24, yaani kipimo cha undani wa rekodi, imba ile sehemu unayopaza sana, kisha punguza gaini, kile kirungu cha nguvu ya sauti kwenye intafesi, mpaka kilele cha sauti kicheze kwenye desibeli -12, yaani chini ya ile sifuri, kisipite -6. Usiogope ikionekana ndogo. Mvumo wa kaseti haupo tena, kuongeza utaongeza baadaye.

Sasa, kondensa au dainamiki? Jibu ninalo, na mama yako hapa ananiambia niliandike yaishe. Siandiki. Nenda dukani, omba uimbe kwenye zote mbili, rekodi, usikilize ukiwa nyumbani. Masikio ni yako na sauti ni yako. Ila kumbuka dirisha lako linatazama barabara. Basi, hapo nimeshasema zaidi ya nilivyokusudia.

Baba yako mdogo anakuja Kampala mwezi ujao kwa daktari wa macho, na atalala kwako. Ukiwa umeshanunua, muazimie gita, umkalishe mbele ya lile godoro. Chumba kwanza. Mimi nitampigia simu leo jioni nimwambie habari ya mshale. Tafadhali barua hii usimwonyeshe kabla sijakujulisha kwamba tumeongea.

Baba yako