Pointi tunazo, deni tunalo: twende Maldives?

*Shangazi, shikamoo. Mwakani mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Kwa miaka mitatu amekusanya pointi za kadi ya mkopo, zimefika 180,000, na anataka twende Maldives, kwenye vile vyumba vilivyojengwa juu ya maji. Anasema ni bure. Juzi nikaiona taarifa ya kadi: tunadaiwa, na kila mwezi analipa kile kiwango cha chini tu. Nilipomuuliza, akaniambia naogopa raha. Je, mimi ndiye mwenye gundu?*
*Mke Mwoga*

Marahaba, mwanangu. Huna gundu, na mumeo si mjinga.

Nianze na yeye, maana nusu ya hesabu yake iko sawa. Pointi hufaa zaidi pale ambapo bei ya fedha taslimu inatisha. Ukizigeuza vocha ya dukani, mara nyingi unapata kidogo; ukizihamishia kwenye shirika la ndege au hoteli, pointi zilezile huweza kulipia kitu ambacho mfukoni usingekithubutu. Pima hivi: chukua bei ya tiketi, toa kodi na tozo ambazo utalipa kwa fedha hata ukitumia pointi, kinachobaki kigawe kwa idadi ya pointi. Tiketi ya dola 1,200 yenye tozo za dola 200, ikipatikana kwa pointi 50,000, imekupa senti 2 kwa kila pointi. Hapo umefanya biashara nzuri.

Sasa ile nusu aliyoiruka. Tuseme kadi yenu inatoza riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 2 kwa mwezi. Kila dola aliyotumia ilimpa pointi moja, yaani senti 2. Deni la dola hiyohiyo likilala mwezi mmoja tu, benki imejirudishia senti zake. Kuanzia mwezi wa pili ninyi ndio mnaoilipa benki ili iwape zawadi! Tena kadi nyingi, ukishabakiza deni, huanza kutoza riba kwenye manunuzi mapya tangu siku uliyonunua. Kwa hiyo kila anapoitumia kadi "ili pointi ziongezeke", deni ndilo linaloongezeka.

Halafu hilo neno "bure". Hoteli nyingi za Maldives kila moja iko kwenye kisiwa chake peke yake. Kutoka uwanja wa ndege mtapanda boti ya kasi au ndege ndogo inayotua majini, na nauli yake huwa ni mamia ya dola kwa kila mtu. Pointi kwa kawaida hazigusi hapo. Ndege hizo haziruki usiku. Mkifika jioni kwa sababu kiti cha pointi kilipatikana kwenye safari ya jioni, mtalala Malé, mji mkuu, kwa gharama yenu. Mkishafika kisiwani hamna mgahawa wa jirani, mtakula kwa bei ya mwenye hoteli. Na kuna kodi ya mazingira, kwa kila kichwa, kila usiku. (Nimeona watu wakipanga safari ya pointi kwa umakini wa mhasibu, kisha chakula kikawatoa jasho.)

Hata hivyo sisemi msiende. Mngekuwa wanangu wa kuzaa, kadi ingepumzika leo na matumizi ya kila siku yangelipwa kwa fedha mliyonayo. Mashirika mengi ya ndege hufungua viti vya pointi takriban miezi 11 kabla ya safari, na programu nyingi za pointi hukuruhusu kughairi na kurudishiwa pointi, kwa ada ndogo au bila ada. Someni masharti, kateni tiketi mapema, kisha tarehe ya safari iwe ndiyo tarehe ya mwisho ya kumaliza deni. Deni likiwa bado lipo mwezi mmoja kabla, ghairini. Ila mtafute kiti kwanza ndipo mhamishe pointi, kwani zikishatoka benki kwenda shirika la ndege kwa kawaida hazirudi. Upande wa hoteli, Marriott kwa mfano, ukilipia usiku nne mfululizo kwa pointi, wa tano hulipi. Na msizilimbikize miaka mingi zaidi: pointi si fedha yenu, wenye programu hupandisha bei wakati wowote bila kumuuliza mtu.

Kinachonikera kuliko riba ni yale maneno, "unaogopa raha". Mtu ambaye hesabu yake imekaa sawa huifungua mezani, hamtupii mwenzake lawama. Huenda anaona aibu. Inawezekana alianza kwa nia njema, kila mwezi akijiambia atalipa mwezi ujao, hadi safari ikawa ndiyo kisingizio.

Usimwendee kama polisi, na taarifa ya kadi mkononi. Mwambie, "Mume wangu, na mimi nataka kwenda. Nionyeshe taarifa zote za mwaka huu, tuone tutamaliza deni lini na nauli ya boti itatoka wapi." Akizileta, kaeni mpige hesabu usiku huohuo. Akikataa, niandikie tena, lakini barua hiyo haitakuwa ya pointi.