Toka kwenye vitambaa vya makochi, fuma sweta

Juzi dada mmoja wa Pangani kaniandikia. Anafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia mwaka wa sita sasa, anatamani sweta ila anaogopa kuharibu uzi. Dada yangu, swali lako limenikuta na furaha, maana wiki iliyopita mwanangu, mtoto wa dada yangu, karudi shule Lushoto na sweta lililotoka kwenye mikono hii.

Sisi wa Tanga mjini sweta tunalijulia wapi? Hapa Ngamiani Februari feni inazunguka usiku kucha na shuka bado linalowa. Lakini gari likishaiacha Mombo likaanza kupanda mlima, hewa ni nyingine. Mtoto kaingia kidato cha kwanza, akaniambia, "Mama mdogo, kule kuna baridi." Basi.

Nilipotangaza, wifi yangu akacheka mbele za watu: "Wewe wa vitambaa, masweta waachie wenye mashine." Niliumia, na sijasema kwamba limeniisha.

Kosa langu lilikuwa haraka. Maelezo niliyofuata yalitaka vitanzi 22 kwa sentimita 10, sindano za kufumia za unene wa milimita 4. Sikupima mkono wangu unatoa vingapi. Nikaanzisha vitanzi 88 vya mgongo, nikitegemea sentimita 40. Nikafuma mgongo na kifua hadi kwapani, wiki 5 za alfajiri, kwa sababu jua likishapanda mkono unatoa jasho na sufu inagoma kuteleza kwenye sindano. Siku niliyotandaza kitandani nikaweka futi: sentimita 44. Mkono wangu mlegevu, ulikuwa unatoa vitanzi 20 tu. Mbele na nyuma, sentimita 8 zimezidi.

Nikafumua vyote. Uzi ulitoka na mawimbi kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Nikauzungusha kwenye mgongo wa kiti, nikaufunga sehemu nne usivurugike, nikaulowesha kwenye beseni, nikautundika kambani mpaka ukanyooka. Nililia, sifichi. Kisha nikachukua sindano za milimita 3.5, nikafuma kipande cha mraba cha sentimita 15, nikakifua, kikakauka, nikahesabu katikati yake: 22. Nikaanza upya, na mikono na shingo ya V vilikwenda vizuri tu.

Kwa hiyo wenzangu, pimeni. Nasema tena, pimeni kabla ya kitanzi cha kwanza. Na uzi nunueni wote siku moja, muangalie namba ya rangi kwenye karatasi ya kila donge iwe ile ile, kwani bluu iliyotiwa rangi leo si bluu ya mwezi ujao, na kifuani mstari utaonekana. Anayekucheka usibishane naye, wewe fuma. Tumejizoesha kujiona wadogo, mtu ana kipaji miaka kumi yuko kwenye kitambaa kile kile cha meza. Mungu hakutupa mikono hii ipambe makochi peke yake! Na kipimo usisahau.

Siku ya safari, stendi ya Kange, mtoto alilivaa kwenye joto lile lile. Nikamwambia vua, akakataa. Wifi alikuwepo, akalishika pindo, akaligeuza ndani, akatazama mishono, hakusema kitu.

Dada wa Pangani, leo jioni fuma kile kipande cha sentimita 15. Kifue, hesabu, halafu niandikie umepata vitanzi vingapi.