Anga jeupe kabisa lakini Jupita inatetemeka, utabiri umenidanganya?

SWALI: Habari zenu. Niko Uyole, Mbeya, nina kidarubini cha milimita 114, mtumba. Juzi utabiri ulisema usiku hamna mawingu nikakipandisha hadi Isyonje na baridi ile, kweli wingu hata moja hamna, lakini Jupita inachezacheza kama iko chini ya maji, mistari yake sikuiona kabisa. Utabiri wa uongo au darubini mbovu?

JIBU: Pole sana kaka, darubini yako nzima na utabiri haukukosea, walikwambia habari za mawingu tu, kwamba hewa imetulia au inavurugika hilo hawakusema, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Chungulia juu ya jiko la mkaa uone ukuta wa upande wa pili unavyochezacheza, ndo hicho hicho, hewa ya moto na ya baridi zikichanganyikana mwanga unapindwa huku na huku. Na huko kwenu jua likizama tu ardhi inapoa haraka, ile hewa ya baridi inaanza kuteremka mabondeni.

Hata wakubwa linawatesa. Kituo cha darubini kubwa cha Paranal kule Chile kiko mita 2,635 juu ya bahari, mlima wetu Rungwe unakipita kwa mita 300 na ushee (ila mvua za Rungwe unazijua), wana vioo vya mita 8.2, na bila mitambo ya kunyoosha mwanga ukali wa picha unakuwa kama wa darubini ya sentimita 20 hivi! Kwa hiyo wanataka kujua mapema, usiku ukiwa mtulivu wafanye kazi zile ngumu, ukivurugika wafanye zinazovumilia.

Ugumu uko hapa, modeli ya dunia ya ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ni hesabu za kompyuta zinazoikata dunia miraba ya kilomita 9 hivi, wakati vurugu zenyewe zinashuka hadi sentimita, haziwezi kuchorwa, zinakadiriwa tu kutokana na upepo na joto vinavyobadilika kadiri unavyopanda juu. Timu ya mwanasayansi Elena Masciadri wa Italia inatumia modeli yenye miraba midogo kuzunguka mlima wenyewe wenye darubini, halafu wanachanganya na vipimo vya saa chache zilizopita, na hapo utabiri wa saa moja au mbili mbele unakuwa mzuri zaidi. Mimi naona hiyo ndo njia, maana mlima una tabia zake, kompyuta peke yake haizijui mpaka uipe vipimo vya pale pale.

Wewe ingia tovuti ya hali ya hewa ya meteoblue, wana ukurasa wa utulivu wa hewa kwa watazama nyota, ila bonde lako halionekani vizuri mle. Darubini itoe nje saa nzima kabla kioo kipoe, kaa kwenye majani mbali na mabati na lami, Jupita isubiri ipande juu. Na usibanduke haraka jichoni, kuna sekunde mbili tatu hewa inatulia ghafla, mistari miwili ya kahawia inajitokeza, halafu inapotea tena.