Kabla ya Kuipigia Makofi Reli ya Watalii: Niliyoyaona Las Vegas

Ndugu na marafiki walioko Mombasa na Unguja, wanapokumbuka kwamba nimefanya kazi kwa miaka mingi katika mapokezi ya hoteli mjini Las Vegas, huniuliza inawezekanaje mji unaopokea wageni karibu milioni 40 kwa mwaka ushindwe kuilipia reli yenye urefu wa kilomita 6 tu. Swali hilo lina maana kwao, kwa sababu katika miji yetu ya pwani haikosi kusikika kila baada ya muda fununu ya mwekezaji anayetaka kuwajengea watalii chombo cha kisasa cha usafiri, kwa ahadi kwamba serikali haitatoa hata senti moja na kwamba wageni wenyewe watakilipia. Ahadi hiyo ndiyo iliyotolewa Las Vegas. Naandika makala hii ili yule atakayeketi katika baraza la mji, au katika mkutano wa wananchi, au mbele ya dalali wa hati fungani (karatasi ambazo anayezinunua huwa amekopesha fedha zake kwa ahadi ya kulipwa na riba), ajue la kuuliza kabla ya kupiga makofi.

Reli yenyewe inaitwa Las Vegas Monorail, na ilifunguliwa tarehe 15 Julai 2004. Ni treni zisizo na dereva zinazopita juu ya mhimili mmoja wa zege, zikisimama katika vituo saba, kuanzia hoteli ya MGM Grand upande wa kusini hadi hoteli ya Sahara upande wa kaskazini, na njiani zinapita kwenye jumba kubwa la makongamano la mji. Mwaka 2000 Jimbo la Nevada lilitoa hati fungani za karibu dola milioni 650 kwa niaba ya kampuni isiyo ya kibiashara iliyoundwa kuimiliki, kwa masharti kwamba jimbo lenyewe halitawajibika kulipa deni hilo. Nauli na matangazo ndiyo yaliyotegemewa kulipa mishahara, umeme, vipuri, riba na mtaji wote.

Hapo namwomba msomaji atue kidogo. Duniani kote ni njia chache mno za usafiri wa mjini ambazo nauli zake hutosha kulipia hata gharama za uendeshaji za kila siku, sembuse gharama za ujenzi. Hii ya Las Vegas ilimudu uendeshaji wake katika miaka mingi, jambo ambalo mashirika mengi ya usafiri ya Marekani hayajawahi kulikaribia, na wafanyakazi wake wanastahili heshima kwa hilo. Kilichoiangusha ni deni. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mradi utajilipa wenyewe, mtake atenganishe mambo mawili kwa maandishi: nauli zitalipa uendeshaji, au zitalipa uendeshaji pamoja na ujenzi? Asiyekuwa tayari kutenganisha hayo mawili hajafanya hesabu, au ameifanya na hataki uione.

Baada ya deni, tatizo lililonigusa kila siku ya kazi ni mahali reli ilipowekwa. Wageni wa Las Vegas wanaishi, wanakula na kutembea kwenye barabara moja, Las Vegas Boulevard, ambayo wenyeji huiita Strip. Reli haipiti kwenye barabara hiyo. Inapita nyuma ya hoteli za upande wa mashariki, kwenye maegesho na milango ya kushushia mizigo, kwa sababu ilikua kutokana na kijitreni cha hoteli mbili kilichoanza mwaka 1995, na kwa sababu hakuna mwenye hoteli aliyetaka nguzo za zege mbele ya taa na chemchemi zake. Mgeni aliyesimama kandokando ya barabara akitaka kupanda treni huingia kwanza hotelini, avuke ukumbi wa kasino wenye mashine za kamari pande zote, apite maduka na mikahawa, afuate vibao ambavyo hupotea kila anapokata kona, na hatimaye apande ngazi za umeme kituoni. Mwendo huo wa ndani unaweza kumchukua dakika 10 au zaidi, na akishuka anapokwenda hufanya safari kama hiyo kurudi barabarani. Kwa mwenye kasino ni mpango mzuri, kwa kuwa kila abiria hupita mbele ya mashine zake. Kwa mwenye reli ni hasara, kwa kuwa yule aliyetaka kwenda hoteli ya tatu kutoka alipo huamua kutembea kwa miguu. Wale waliofikia upande wa magharibi wa barabara, ambako kuna Bellagio, Aria, Luxor na Mandalay Bay, walikuwa na vijitreni vifupi vya hoteli zao ambavyo hupandwa bure.

Basi ninyi mkiletewa ramani, msiangalie picha za treni. Chukueni rula, mpime umbali kutoka mahali watu wanaposimama hadi mlango wa behewa, na muulize ni nani aliyeamua kituo kikae hapo na ana duka gani njiani.

Mezani kwangu suala la nauli lilijitatua mbele ya macho yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Inafika familia, baba, mama na watoto wawili wakubwa, wanataka kwenda hoteli iliyo umbali wa kilomita tatu. Ninawaonyesha treni kwenye ramani, watoto wanafurahi. Baba anauliza nauli. Safari moja ilianza kwa dola 3, na mwaka 2006 ikapandishwa hadi dola 5, yaani familia ile ilihitaji dola 20 kwenda na dola 20 kurudi. Baba anamtazama mkewe, ananiuliza teksi ni kiasi gani, nami kwa kuwa sipendi kumdanganya mgeni ninamwambia kwamba teksi inawabeba wote wanne kwa pesa zinazolingana na hizo au pungufu, na inawachukua mlangoni na kuwashusha mlangoni. Wananishukuru, wanaelekea kwenye foleni ya teksi. Hakuna tangazo wala rangi ya behewa inayoweza kuishinda hesabu hiyo. Watalii husafiri kwa makundi, na nauli inayotozwa kwa kichwa humwadhibu kila anayesafiri na wenziwe. Abiria waliokuwa zaidi ya milioni 10 mwaka 2005 walishuka chini ya milioni 8 mwaka 2007, na hadi miaka ya mwisho kabla ya korona walikuwa karibu milioni 5 kwa mwaka. Wenye reli walipandisha nauli ili walipe deni, na kila walipoipandisha walimpa mgeni sababu nyingine ya kutafuta gari.

Anayeitia uhai njia ya usafiri ni mtu anayeipanda asubuhi na jioni bila kufikiri, mwenye tikiti ya mwezi mfukoni. Las Vegas ina watu hao kwa maelfu: wasafisha vyumba, wapishi, wagawa karata, walinzi, sisi wa mapokezi. Lakini reli haikufika katika mitaa yao. Sisi tulikuja kazini kwa magari au kwa mabasi ya mamlaka ya usafiri ya kusini mwa Nevada, RTC, na wengi wetu tulimaliza zamu saa ambazo treni zilikwisha kulala, kwa kuwa kasino hufanya kazi saa 24 na treni hazifanyi hivyo. Baadaye wakaazi wenye kitambulisho cha Nevada waliwekewa nauli ya dola 1, na nilifurahi kuona wametukumbuka. Hata hivyo nauli nafuu haimsaidii mtu ambaye njia haianzii kwake. Wakati wa maonyesho makubwa, hasa yale ya vifaa vya elektroniki ya mwezi Januari yanayoitwa CES, niliona vituo vimejaa hadi foleni zinashuka ngazi, na mtu aliyefika wiki hiyo peke yake angeapa kwamba reli inapata faida kubwa. Wiki mbili baadaye mabehewa yaleyale yalipita yakiwa na watu wa kuhesabika kwa vidole. Mradi upimwe kwa Jumanne ya kawaida. Kwetu pwani pimeni kwa mwezi wa Mei, mvua za masika zinapokuwa zimewafungia wageni njia na hoteli nyingine zimefunga milango.

Mtu atauliza kwa nini hawakuiendeleza hadi uwanja wa ndege, ambao uko karibu sana na MGM Grand kiasi kwamba ukiwa ghorofa ya juu unaziona ndege zikigusa ardhi. Mipango ilikuwepo, na haikujengwa hadi leo. Upanuzi wa kwenda katikati ya mji wa zamani ulitegemea fedha za serikali kuu, na mwaka 2005 fedha hizo zilikataliwa. Upanuzi wa kusini hadi Mandalay Bay nao uliishia kwenye karatasi. Matokeo yake ni reli isiyoanzia mahali mgeni anapoingilia mjini wala kufika mahali mwenyeji anapoishi. Nionavyo mimi, sehemu ya kwanza ya kujengwa inapaswa kuwa ile inayoweza kuishi hata kama sehemu ya pili haitakuja kamwe, kwa maana mara nyingi haiji.

Yaliyofuata yanajulikana. Mnamo Septemba 2004, wiki chache tu baada ya uzinduzi, vipande vya treni vilianguka kutoka juu, hakuna aliyeumia, lakini huduma ilifungwa hadi mwisho wa Desemba, na mapato ya miezi hiyo hayakurudi. Makadirio yaliyouziwa wawekezaji yalizungumzia abiria zaidi ya 50,000 kwa siku. Hata mwaka ule mzuri wa 2005 walipatikana takriban 28,000. Uchumi ulipoanguka mwaka 2008, wageni walipungua na waliokuja walibana matumizi. Januari 2010 kampuni iliomba kinga ya sheria ya mufilisi. Karibu dola milioni 450 za hati hizo zilikuwa zimekatiwa bima na kampuni ya Ambac, na kampuni mama ya Ambac yenyewe ikafilisika Novemba mwaka uleule. Reli ilipotoka mahakamani mwaka 2012, deni lililokuwa karibu dola milioni 650 lilikuwa limepunguzwa hadi dola milioni 13. Ni ahueni kwa reli, lakini kila dola iliyofutwa ilikuwa ya mtu: mstaafu, mfuko wa pensheni, familia iliyoambiwa kwamba hati ya jimbo ni salama. Walioshika hati zisizo na bima walipoteza karibu kila kitu. Kwa hiyo ukiuziwa hati fungani yenye jina la serikali juu yake, isome hadi uone ni nani hasa aliyeahidi kulipa, maana jina la aliyeitoa si lazima liwe jina la mdaiwa.

Mwaka 2020 korona ilizifunga hoteli zote, treni zikasimama mwezi Machi, na kampuni ikafilisika mara ya pili. Safari hii ilinunuliwa na mamlaka ya makongamano na wageni ya Las Vegas, LVCVA, kwa dola milioni 24.26, na mwezi Mei 2021 treni zikarudi. LVCVA hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na kodi ya vyumba vya hoteli, na kwangu mimi huo ndio mlango ambao ungepaswa kutumika tangu siku ya kwanza. Mgeni anayelala mjini analipa kidogo kwenye chumba chake, atapanda treni au hatapanda, na nauli inabaki ndogo kiasi kwamba yule baba wa watoto wawili hahitaji kumtazama mkewe.

Wapo wanaosema tatizo ni monoreli kama aina ya chombo. Nakubaliana nao kwa sehemu, kwa kuwa vipuri vyake ni adimu na treni zake haziwezi kuhamia reli nyingine. Sydney, Australia, ilikuwa na monoreli iliyofunguliwa mwaka 1988, ikizunguka katikati ya mji ikibeba watalii kwa nauli ambayo wenyeji waliiona ni ghali, na mwaka 2013 ilifungwa na kubomolewa. Ila hata mabasi ya Las Vegas, ambayo yanapita palepale Strip na kusimama kando ya njia ya miguu, yalianza kupoteza abiria baada ya Uber na Lyft, yaani magari ya kukodi yanayoitwa kwa simu, kuruhusiwa mwaka 2015. Pigo hilo lilifika mbali, kwa sababu mapato ya mabasi ya watalii yalikuwa yakisaidia kulipia mabasi ya mitaani, yale tuliyokuja nayo kazini. Mgeni wa Strip alipohamia kwenye simu yake, aliyehisi upungufu ni mfanyakazi anayesubiri kituoni mtaani kwake.

Jambo la mwisho linahusu mkataba, na ndilo ambalo wananchi hawaonyeshwi. Kampuni ya reli ilikuwa na haki ya kipekee katika ukanda wake, iliyomzuia mshindani kujenga njia nyingine ya kuwapitisha watu humo. Kwa miaka yote ambayo reli haikuwa na uwezo wa kujipanua, haki hiyo iliendelea kuuziba mlango kwa wengine, na moja ya sababu zilizotolewa wazi za kuinunua mwaka 2020 ilikuwa kuiondoa, ili njia za chini ya ardhi za kampuni ya Elon Musk ziweze kuchimbwa. Ombeni kukiona kipengele hicho kabla ya kutiwa saini, na mtake kiwe na muda: mwekezaji asipofikisha njia mahali alipoahidi katika miaka iliyotajwa, haki ikome bila fidia. Ombeni pia fedha za kubomolea ziwekwe benki mapema, kama Kaunti ya Clark ilivyodai kwa reli hii, kwa kuwa nguzo za zege hubaki zimesimama hata baada ya kampuni iliyozijenga kufilisika.